Mgeni amekuja, mwenyeji anakohoa: barua ya wazi kuhusu moshi wa tumbaku Zanzibar

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, na kwa wote wenye dhamana ya utalii na ajira Unguja na Pemba.

Assalaam alaykum.

Mimi ni mzaliwa wa Wete, nina miaka 34, na kwa miaka tisa nilikuwa mhudumu katika mikahawa ya watalii hapa Unguja. Sijawahi kununua sigara hata moja maishani mwangu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo ambalo daktari alishindwa kuniamini.

Ilikuwa mwaka juzi, wiki moja baada ya Idi. Usiku kucha nilikuwa nimekaa kitako kitandani, nikilala tu pumzi inakata. Asubuhi mke wangu akanipeleka hospitali. Daktari, kijana wa rika langu, aliniwekea kipimo mgongoni, akaniambia nivute pumzi kwa nguvu, nikaishia njiani nikakohoa. Akauliza, "Unavuta paketi ngapi kwa siku?" Nikamwambia sivuti. Akaandika kidogo, akainua kichwa: "Basi ulivuta miaka mingapi kabla hujaacha?" Nikamwambia sikuwahi. Aliponitazama mara ya tatu mke wangu akadakia, sauti inamtetemeka: "Daktari, huyu havuti. Anafanya kazi mkahawani."

Nilirudi nyumbani na pampu ya pumu mfukoni. Pumu sikuzaliwa nayo, wala kwetu hakuna mtu mwenye nayo.

Waheshimiwa, ombi langu ni moja. Kila mahali pa kazi penye paa na kuta, uwe mkahawa, baa, hoteli, ofisi, duka, boti au daladala, moshi wa tumbaku usiwemo kabisa, na sheria ya jambo hilo iwe wazi kiasi kwamba mhudumu wa miaka 19 anaweza kuisoma na kuitegemea. Afya si jambo la Muungano, kwa hivyo hatuna sababu ya kungoja Dodoma. Liko mikononi mwenu.

Sasa niwaeleze nilikotoka, maana naamini wengi wenu mnapita chini ya mikahawa ile, mnasikia harufu ya tofaa na nanaa ikishuka kutoka juu, na hamjapata kujua shisha, ile tumbaku ya ladha inayovutwa kwa mpira kupitia chupa ya maji, inavyoandaliwa.

Mahali nilipofanya kazi miaka minne ya mwisho ni ghorofani, Mji Mkongwe. Ukumbi una mazulia, mito ya kuegemea, taa za rangi, na madirisha upande mmoja tu. Shisha haijiwashi. Unapakia tumbaku kwenye kichwa chake, unafunika kwa karatasi ya foili, unaitoboa vitundu, unapanga makaa mekundu juu kwa koleo. Baada ya hapo lazima mtu auvute ule mpira mpaka moto ukolee na moshi uwe mzito mweupe, maana mgeni hapelekewi shisha iliyolala. Mtu huyo ni mhudumu. Unavuta mara nane, mara kumi, kifua kinajaa, unatoa puani, unavuta tena. Ikishakolea unabadilisha kidomo cha plastiki, unaupangusa mpira kwa kitambaa, unaipeleka mezani na kutabasamu. Baada ya nusu saa mgeni anakuita, imefifia. Unachuchumaa mbele yake, unapepea makaa, unavuta tena.

Jumamosi za Julai na Agosti nilikuwa nawasha shisha ishirini na zaidi kwa usiku mmoja. Saa nane za usiku nikipanda bodaboda kurudi nyumbani, kichwa kilikuwa kikinigonga na mikono ikitetemeka. Tulikuwa tukiambizana ni uchovu.

Haukuwa uchovu peke yake. Makaa yakiwaka hutoa ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksidi, ambayo kila mwaka tunasikia imewaua watu waliolala na jiko la makaa chumbani wakafunga mlango. Mwenye kuvuta shisha anaivuta hewa hiyo moja kwa moja, na aliyesimama karibu naye anapata sehemu yake. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wameeleza kwamba mtu akikaa na shisha saa nzima anaweza kuvuta moshi wenye ujazo mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Na yale maji chupani, ambayo kila kijana wa mjini atakwambia yanasafisha, yanaupoza moshi tu. Sumu inapita. Dar es Salaam walitangaza kuikataza shisha mwaka 2016, Kenya na Rwanda wakaikataza mwaka 2017. Hawakuwa na chuki na starehe ya mtu.

Nilimwendea bosi wangu nikamwomba anihamishie jikoni au mapokezi. Alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya. Akanambia jikoni kumejaa, kisha akasema, "Kama moshi unakudhuru, mimi sikulazimishi, lakini kazi ya pale juu ndiyo hii." Nikaendelea miezi mitano mingine, kwa sababu nina watoto wawili na mwenye nyumba haelewi habari ya mapafu. Mpaka nilipoanguka ngazini na sinia mkononi.

Jina lake sitalitaja, wala la mahali pake, kwa kuwa hata angetaka kuacha asingeweza peke yake. Akiondoa shisha na sigara leo, wateja wake wanavuka uchochoro wanaingia kwa jirani. Yeye anafunga, jirani anatajirika. Sheria ingemsaidia hata yeye, maana ingewafunga wote siku moja, na hakuna ambaye angelazimika kuwa wa kwanza kupata hasara.

Najua mtaletewa shauri la kati kwa kati. Wenye hoteli watasema: tutenge kona ya wavutaji, tutie feni, tutie kiyoyozi. Ninakuombeni msilikubali, na hapa nasema kwa niliyoyaona. Kwanza, kona ile nani anaihudumia? Sahani zake nani anaziondoa, vile visahani vya majivu nani anavimwaga? Mteja asiyevuta anaweza kuchagua meza ya mbali. Mimi meza yangu ndiyo ile niliyopangiwa. Pili, feni haiondoi moshi, inautembeza, na kiyoyozi cha kawaida kinaivuta hewa ileile ya chumba na kuirudisha humohumo ikiwa baridi. Mwaka 2007 nchi zilizo ndani ya Mkataba wa Kimataifa wa Udhibiti wa Tumbaku zilikubaliana mwongozo unaosema jambo hili bila kuzunguka: hakuna kiwango cha moshi wa wengine kilicho salama, na kona, vyumba maalumu na mitambo ya kupitisha hewa havimlindi mtu. Kinga ni asilimia 100 bila moshi. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka huohuo wa 2007, na sisi tumo ndani yake.

Vibao tunavyo. Nimefanya kazi mahali ambapo ukutani pamebandikwa "Hairuhusiwi kuvuta sigara" na juu ya meza iliyo chini ya kibao kile kisahani cha majivu kimejaa vipisi. Mgeni anasoma kibao, anakitazama kisahani, anakifuata kisahani. Ndiyo maana naomba sheria iseme kwamba kisahani cha majivu kikikutwa ndani ni kosa la mwenye mahali, hata kama wakati huo hakuna anayevuta.

Hoja ninayoisikia zaidi ni hii: utalii utakufa. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimelipenda neno hilo tangu skuli, na nimeishi kwa mkono wa mgeni miaka tisa, kwa hivyo simtukani. Lakini hebu tumwangalie huyu mgeni anatoka wapi. Waitaliani, ambao wamejaa Kiwengwa na Nungwi, kwao hawavuti sigara mkahawani tangu tarehe 10 Januari 2005. Ireland walizuia sigara katika sehemu zote za kazi, vilabu vya pombe vikiwemo, tarehe 29 Machi 2004, wakiwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Uingereza walikamilisha Julai 2007, Ufaransa mikahawa na baa zao zikafuata Januari 2008. Mtu huyu kwao anainuka mezani, anatoka nje kwenye baridi kali, anavuta, anarudi kumalizia chakula chake, na halalamiki. Akifika kwetu anawasha palepale juu ya sahani ya pweza, kwa sababu hakuna aliyemwambia kitu. Nimewahi kumwomba mgeni mmoja mtu mzima atoke nje kwa ajili ya mama aliyekuwa na mtoto mchanga meza ya pili. Alishtuka, akaizima haraka, akaomba radhi mara mbili. Akaniuliza, "Kumbe hapa pia hairuhusiwi?" Nilikosa la kumjibu.

Na tusijilinganishe na Ulaya tu. Visiwa wenzetu vya Bahari ya Hindi, vinavyokula kwa utalii kama sisi, vimetangulia. Shelisheli wana sheria ya kudhibiti tumbaku tangu 2009. Mauritius mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitaja kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kutekeleza kwa kiwango cha juu hatua zote za shirika hilo za kudhibiti tumbaku. Maldives wamekwenda mbali zaidi: tangu Novemba 2025, aliyezaliwa kuanzia mwaka 2007 haruhusiwi kuvuta wala kuuziwa tumbaku nchini humo. Fukwe zao bado zina wageni.

Wengine husema watu hawatatii. Waheshimiwa, sisi ni watu wa Zanzibar, na kila mwaka tuna mwezi mzima wa ushahidi. Marehemu baba yangu alivuta tangu ujana wake hadi mwisho. Mwezi wa Ramadhani, tangu alfajiri hadi magharibi hakuigusa, na hakuna askari aliyekaa mlangoni petu. Jua likikaribia kuzama alikuwa akikaa barazani na kisahani cha tende. Pembeni yake ameilaza sigara moja, na kibiriti juu yake, vimenyooka kama mtu aliyepanga zana za kazi. Adhana ikilia, tende moja, funda la maji, kisha kiberiti. Tulicheka wakati ule. Sasa nikikumbuka naona mambo mawili: kwamba aliweza kukaa saa kumi na tatu bila moshi kwa heshima ya kitu alichokiamini, na kwamba nikotini ilikuwa imemkamata vibaya mno, maskini. Alifariki na miaka 58. Miezi yake ya mwisho alishindwa kufika msikitini, ambao uko nyumba ya nne kutoka kwetu.

Mama hakuvuta kamwe. Alilala chumba kimoja na moshi ule kwa miaka thelathini. Mwaka 1981 mtafiti wa Kijapani, Takeshi Hirayama, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 wanawake zaidi ya 91,000 wasiovuta sigara. Wale ambao waume zao walikuwa wavutaji wakubwa walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta. Kampuni za tumbaku zilimpinga sana, lakini tafiti zilizofuata katika nchi nyingi zilimuunga mkono. Niliposoma habari hiyo nilikuwa hospitalini nangoja dawa, na niliiweka simu chini kwa muda kabla ya kuweza kuendelea. Mama yuko Wete, anakohoa kila asubuhi, na anasema ni baridi ya bahari.

Leo moshi wa tumbaku unajulikana kuwa na kemikali zaidi ya 7,000, na zisizopungua 69 kati yake husababisha saratani. Tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka duniani, na zaidi ya milioni moja kati yao ni watu kama mama na kama mimi, ambao moshi ulikuwa wa mwengine. Mtoto anayeupumua hupata pumu na homa ya mapafu kwa urahisi zaidi. Kwa mtu mzima moyo ndio unaowahi kudhurika, na hapa kuna habari njema, maana moyo pia ndio unaowahi kunufaika. Uskoti walizuia sigara katika sehemu za umma zenye paa Machi 2006. Watafiti waliangalia hospitali tisa: katika mwaka uliofuata waliolazwa kwa mshtuko wa moyo na maradhi yanayofanana nao walipungua kwa asilimia 17, wakati England, ambako sheria ilikuwa bado, walipungua kwa asilimia 4 tu. Sehemu kubwa ya waliosalimika walikuwa watu wasiovuta. Hawakujenga wodi mpya wala kununua mashine. Walitoa moshi nje.

Habari ya kodi sitaikalia. Serikali inayochukua shilingi kwenye sigara na kisha kulipa kitanda, oksijeni na safari za kwenda kutibiwa nje ya visiwa inajua hesabu hiyo kuliko mimi.

Lakini kuna watu nataka wasome barua hii bila kuogopa, nao ni wavutaji wenyewe. Sitaki mzee anyang'anywe sigara barazani kwake, wala sitaki kijana apigwe virungu maskani kwa sababu ya kipisi. Ninaona hata wanaodai wavutaji wafungwe wanakosea. Mgonjwa wa uraibu hafai kuwekwa rumande. Mtafiti Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50, tangu 1951, wakakuta kwamba mvutaji hupoteza kwa wastani kama miaka 10 ya uhai. Walikuta pia kwamba aliyeacha akiwa na miaka 60 alijirudishia miaka 3, aliyeacha na 50 alijirudishia 6, aliyeacha na 40 alijirudishia 9, na aliyeacha na 30 karibu yote. Baba alikuwa na miaka 40 mimi nikiwa darasa la pili. Miaka tisa! Angewaona watoto wangu. Hakuna mtu katika kituo cha afya aliyewahi kumketisha akamwambia, mzee, njoo Jumatatu tukusaidie kuacha. Naomba kila kituo cha afya, Unguja na Pemba, kiwe na mtu wa kulisema neno hilo na mwenye cha kumpa.

Na naomba muangalie maduka yaliyo karibu na skuli, yanayofungua paketi na kuuza sigara moja moja. Mtoto wa darasa la saba hawezi kununua paketi. Moja anaweza, kwa chenji ya andazi.

Sisi hatuogopi kutangulia. Mwaka 2006 Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki wakati wengi walisema sokoni Darajani hapatakwenda mtu bila rambo. Bara walifuata mwaka 2019. Na kwa kuwa tumelitaja hilo: kile kichungi cha kipisi cha sigara, ambacho watu hudhani ni pamba, ni plastiki. Asubuhi za ufukweni nilikuwa nikiviokota mchangani kwa mkono kabla wageni hawajaamka, ndoo nzima, na bado bahari ilikuwa imeshachukua vyake.

Niongeze neno juu ya utekelezaji, maana sheria nyingi huishia kwa mnyonge. Faini iwe juu ya mwenye leseni, isiwe juu ya mhudumu. Mfanyakazi anayekataa kuvuta ili kuwasha shisha ya mteja, au anayemwomba mteja atoke nje, asipoteze kazi kwa sababu hiyo, na hilo liandikwe kwa maneno yake. Wakaguzi waje usiku. Nimewaona wakaguzi saa nne za asubuhi, mkahawa umefagiwa, madirisha yamefunguliwa, chupa za shisha zimepangwa kabatini zinang'aa. Waje saa tano za usiku, Jumamosi, wapande ngazi.

Mimi sasa ninauza vifaa vya simu kwenye kibanda cha rafiki yangu, Mombasa ya hapa Unguja. Kipato kimepungua zaidi ya nusu, lakini nalala. Mwezi uliopita nilipita pale kazini kuchukua barua yangu ya utumishi. Juu, kwenye nafasi yangu, nimemkuta kijana wa Micheweni, ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne, amefurahi kupata kazi mjini. Alikuwa amechuchumaa mbele ya makaa, macho mekundu, mpira mdomoni, anakoleza. Alinisalimia kwa mkono kwa kuwa kinywa kilikuwa kimejaa moshi. Zamu yake huanza saa kumi na mbili za jioni.

Wenu katika kulitumikia taifa,

Mhudumu wa zamani, mzaliwa wa Wete, Pemba